Barua kutoka Santorini

Barua ile ilifika Maskati mwezi wa Juni, mwaka wa sabini, katika joto ambalo ukiugusa mlango wa mbao mchana unakuunguza kiganja. Aliileta mjomba Marhoon kutoka posta, akaipitisha mlangoni bila kuingia, kama alivyofanya miaka yote sita tuliyokaa katika chumba chake cha juu. Bahasha ilikuwa na stempu ya Ugiriki, nayo ilikuwa nzito kuliko kawaida. Nilijua ndani mna picha.

Mama mkwe wangu, Bi Shaikha, alikuwa amejilaza mkekani. Akainuka, akajifunga leso kichwani kana kwamba mgeni anaingia, akasema, "Haya, soma."

Yeye alisoma Kurani tu. Herufi za Kizungu hakuzijua. Mimi nilikuwa mwalimu Unguja, katika skuli ya wasichana, kabla ya mapinduzi. Kila barua ya mume wangu ilipokuja nilimsomea mama yake kwanza. Kisha nilipanda nayo darini, nikasoma peke yangu yale maneno ya mke na mume ambayo mbele yake nilikuwa nikiyaruka.

Mume wangu alikuwa Suud. Tulioana Agosti ya mwaka wa sitini na tatu, tukakaa pamoja miezi mitano. Jumamosi moja ya Januari, Ramadhani imebaki siku chache, alikwenda shamba Bumbwini na mdogo wake Harub kuchukua nazi na mihogo ya mwezi mtukufu. Usiku huo serikali ikapinduliwa. Sikumuona tena. Mimi na Bi Shaikha tulitolewa nyumbani, tukawekwa kambini, na baada ya Idi Kubwa tukatiwa melini pamoja na mamia ya watu wenye majina kama yetu, tukashushwa Maskati kwa kaka yake Bi Shaikha, huyo mjomba Marhoon, katika nchi ya mababu ambayo sikuwahi kuiona hata kwenye picha. Unguja tulikuwa Waarabu. Maskati tukawa Wazinjibari. Mke wa mjomba Marhoon alikuwa akiwaita majirani waje wanisikilize nikiomba maji kwa Kiarabu changu cha kuvunjikavunjika, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Barua ya kwanza ilitufikia mwisho wa mwaka ule, kutoka Mombasa, kwa mwandiko wa Harub. Wote wawili wako hai, alisema. Suud alivunjwa mkono wa kulia kizuizini, vidole havishiki kalamu, kwa hivyo yeye atasema na Harub ataandika. Nilisujudu palepale. Baadaye walikwenda Kairo, kisha wakapata kazi katika meli za Wagiriki. Ruhusa ya kuingia Maskati siku zile ilikuwa haipatikani kwa watu kama wao, na mimi sikuwa na njia ya kutoka. Basi nikangoja. Nilishona kofia, nikaziuza, tukala. Mji mzima haukuwa na skuli hata moja ya wasichana ambayo ingenihitaji.

Siku ile nikaifungua barua, nikasoma.

"Masouda wangu," ilianza, "meli yetu imefunga gati Krete, mashine imeharibika, nahodha katupa mapumziko. Tukapanda mashua ya abiria inayokwenda kisiwa cha Santorini alfajiri na kurudi siku hiyo hiyo. Kisiwa chenyewe ni ukingo tu uliobaki. Zamani palikuwa na mlima wa moto, ukaripuka, ukazama, pakabaki kama bakuli lililovunjika upande mmoja, na bahari ikaingia ndani ya bakuli. Mashua inapita juu ya pale palipokuwa na mlima. Maji ni meusi, na mabaharia wanasema nanga haifiki chini. Katikati kuna kijisiwa cheusi cha mawe yaliyoungua. Tulishushwa pale kwanza. Ukipiga goti ukaweka mkono ardhini unahisi joto, na harufu yake ni ya kiberiti."

"Audhubillahi," alisema Bi Shaikha.

"Mji wenyewe uko juu kabisa ya jabali. Ukiutazama kutoka chini utasema mtu kamwaga unga wa mchele. Kuna ngazi zaidi ya mia tano, nasi tulipanda kwa punda. Punda wangu alikuwa mkaidi kama bibi yako wa Malindi: akifika kwenye kona anasimama, anaangalia bahari, mpaka aridhike nafsi yake ndipo aendelee. Nikamwambia, bibi, twende, watu wanatungoja. Akanipiga jicho."

Bi Shaikha alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Soma tena pale pa punda."

Nikasoma tena pale pa punda. Kisha nikaendelea.

"Kuna mahali wanachimba. Chini ya majivu wametoa nyumba nzima nzima za watu wa kale, ghorofa mbili, mitungi imesimama palepale ilipoachwa, lakini mfupa wa mtu hata mmoja hawajaupata. Mgiriki mmoja alituambia kwamba ardhi ilianza kutikisika mapema, wenyewe wakapata kuondoka. Nikasema Alhamdulillahi, kama kwamba ni jamaa zangu. Na nyumba za juzi juzi nazo zimeanguka nyingi, kwa zilzala ya miaka kumi na nne iliyopita. Wenyewe wamehamia Athene, milango iko wazi, mbuzi wanaingia. Masouda, Mungu akitujaalia nitakuleta hapa. Tutakaa ukingoni tule zabibu."

Picha ilikuwa ya Harub. Amesimama mbele ya ukuta mweupe, amekonda, nyuma yake bahari na kile kijisiwa kilichoungua. Miguuni pake, juu ya mawe, kilianguka kivuli cha mtu aliyepiga picha: kichwa, mabega, na viwiko viwili vimeinuliwa. Nyuma ya picha Harub aliandika, "Kapiga Suud."

Miaka sita sikuwahi kupata picha ya mume wangu. Kila mara palikuwa na sababu: kamera mbovu, filamu imeungua, Suud hapendi. Sasa nimepata kivuli chake. Nilikitazama darini mpaka jua likazama. Nikasema, ameinua viwiko vyote viwili, basi mkono umepona. Nikaiweka picha chini ya mto wangu.

Mwezi wa Julai Sultani mzee akaondoka, akaja mwanawe, na redio ikatangaza kwamba Waomani walioko nje warudi nyumbani, nchi inawataka. Watu walipiga ngoma barabarani. Sisi hatukupiga ngoma, lakini nilinunua pamba nikashona magodoro mawili mapya, moja la Harub, na moja pana.

Septemba ikaja simu ya upepo kwa Kiingereza, maneno machache: nnafika Alkhamisi, Harub.

"Mama," nilimwambia Bi Shaikha, "hakusema tunafika. Kasema nnafika."

"Simu hufupishwa, mwanangu." Alikuwa akichambua mchele, na hakuinua uso.

Alkhamisi ile nilijipaka hina mikono na miguu. Nilipika wali wa nazi, samaki wa kupaka na mkate wa kumimina. Mjomba Marhoon alikwenda Bait al Falaj kuwapokea, pale ndege zilipokuwa zikitua siku zile. Mimi nilisimama dirishani tangu adhuhuri. Nikaona gari linasimama mwanzo wa kichochoro. Akashuka Marhoon. Akashuka Harub, amevaa suti ya kijivu, na sanduku mkononi. Mlango wa gari ukafungwa.

Nikajiambia, yeye atakuja na gari la pili.

Harub alipanda ngazi, akaingia, akapiga magoti akaubusu mkono wa mama yake. Walilia wote wawili, kilio kidogo tu. Mimi nilikuwa nikitazama ngazi nyuma yake.

"Suud yuko wapi?" niliuliza.

Harub alimtazama mama yake.

"Mwache apumzike kwanza," alisema Bi Shaikha. "Katoka safari."

"Suud yuko wapi, Harub?"

"Shemegi, kaa kitako."

"Sikai. Kabaki melini?"

"Suud hayupo, shemegi. Alikufa." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejisomea maneno hayo njia nzima. "Alikufa siku ile ile, Bumbwini. Jumapili asubuhi. Watu wa mapinduzi walitukuta njiani tukirudi mjini. Mie nlikimbilia mihogoni, yeye hakuwahi, wakampiga risasi. Walipoondoka nkarudi. Nlimzika mimi na mzee mmoja wa shamba, nyuma ya banda la karafuu. Tulimfunika kwa shuka langu."

Nilisikia muuza maji chini akibishana na mtu juu ya zamu yake. Nilitaka kuuliza maswali mengi, lakini lililotoka lilikuwa jingine kabisa.

"Ile picha kapiga nani?"

"Picha gani?"

"Ya kisiwani. Yenye kivuli."

"Mwenye punda," alisema. "Nlimpa kamera."

Hapo ndipo nilipokaa juu ya lile godoro pana, na Harub akakaa mbele yangu, akaanza kusema bila kuulizwa, haraka, kama mtu anayetapika.

"Nlikwenda peke yangu, shemegi. Mabaharia wenzangu walikwenda kulewa. Mashuani watu wote walikuwa wawili wawili, mtu na mkewe, mtu na rafiki yake. Nlikaa nyuma karibu na mashine. Tulipofika juu, pale unapoona bahari yote chini yako, nlisema kwa sauti, 'Suud, hebu tazama!' Watu wakageuka kunitazama. Mie sikujali. Siku ile nlikuwa naye, wallahi. Nlikaa mkahawani nkaandika barua yote bila kuinua kalamu. Yale ya punda ni yeye angeyasema hivyo, unamjua. Ile barua haikuwa uongo kama zile nyengine."

"Na zabibu?"

"Eh?"

"Tutakaa ukingoni tule zabibu. Kayasema nani hayo?"

Alilitazama sanduku lake.

"Harub. Barua zangu zilikuwa zikisomwa na nani?"

Aliinamisha kichwa. "Nlizisoma mie."

"Zote?"

"Nani mwengine angezisoma, shemegi?"

Nilikumbuka nilichokuwa nikiandika. Mwaka wa kwanza nilimwandikia mume wangu kwamba bado nalala upande mmoja wa mkeka, namwachia nafasi yake. Mwaka wa tatu, nilipokuwa na homa, nilimwandikia ndoto niliyoiota, ndoto ambayo mwanamke hamwambii hata dada yake wa tumbo moja. Nilimwandikia jinsi mwili wangu unavyozeeka bila ya kutazamwa. Na kila barua ilijibiwa vizuri, kwa upole, kwa maneno ya mume. Nilivuta ushungi nikajifunika uso mbele ya Harub, kama anavyofanya mwanamke aliyeingiliwa chumbani na mwanamume wa nje hali yuko uchi.

"Kwa nini?" niliuliza ndani ya ushungi.

"Nliogopa barua ya kwanza ingemuua Mama. Moyo wake unaujua. Nkasema ntaandika moja tu, mpaka mpate pahala pa kukaa. Kisha ya pili. Kisha sikujua pa kusimama. Mwaka wa sitini na sita sikuweza tena. Nlimpata Thabit, yule jamaa yetu wa Kuwait, anakuja huku kwa biashara. Nkamwambia kila kitu, nkamwambia kamweleze Mama kwa mdomo, naye Mama amwambie Masouda kwa utaratibu. Thabit alikuja. Akarudi na jawabu."

"Jawabu gani?"

"Mama kasema niendelee kuandika."

Nilifunua uso, nikamtazama Bi Shaikha. Hakugeuka upande. Nilimkumbuka Thabit, mtu mnene mwenye manukato, alikuja na kitambaa cha zawadi, wakazungumza yeye na Bi Shaikha peke yao muda mrefu. Jioni ile Bi Shaikha alishikwa na homa. Alilala siku saba ameelekea ukutani, hali chakula. Nilimlisha uji wa pilipili manga kwa kijiko. Nilimkanda miguu. Nilimfulia nguo zake. Nilimwambia, Mama, usife, Suud akija atanilaumu.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nlijua."

"Miaka minne nakusomea. Ukaniambia soma tena pale pa punda."

"Nlipenda kusikia." Sauti yake ilikuwa imara. "Ulipokuwa ukisoma alikuwa hai. Hukuniona nlivyocheka? Mie nlicheka na mwanangu."

"Na mimi, Mama? Mimi ulinifanya nini?"

"Wewe ungeondoka," alisema. "Sema ni uongo. Mjane wa miaka ishirini na nne, mzuri, umesoma. Wangekuja kukuposa kabla ya mwezi kwisha. Mie ningebaki na nani hapa? Na mke wa Marhoon? Nlishampoteza Suud, Harub hawezi kuingia, ningekupoteza na wewe?"

Harub alikuwa akilia. Chakula kilipoa mahali pake. Hakuna aliyekigusa.

Kesho yake baada ya sala ya Ijumaa, mjomba Marhoon alimleta Sheikh Amur, mzee mtaratibu aliyekuwa akiwafungisha watu ndoa mtaani petu. Alikaa nje ya pazia. Aliniuliza tarehe ya kifo nikamwambia, naye akahesabu kwa vidole, mwezi kwa mwezi, nikisikia midomo yake.

"Binti yangu," alisema, "eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi tangu mume alipofariki. Yako ilikwisha mwezi wa Muharram, mwaka wa elfu moja mia tatu na themanini na nne."

"Nilikuwa sijui, sheikh."

"Kujua si sharti. Huna eda. Uko huru tangu siku hiyo."

Nikahesabu na mimi, kwa miezi ya Kizungu. Ilikuwa Mei ya mwaka ule wa kwanza. Mei ile nilikuwa melini, nimekaa juu ya begi langu, namwombea mume wangu afike salama. Nilikuwa mjane, nikaumaliza ujane, hata machozi sikupata kumtolea.

Sheikh alipoondoka walikaa kikao, Bi Shaikha na Marhoon na Harub, mimi nikiwa palepale. Marhoon alisema mji mdogo huu, watu watauliza. Wakisikia kwamba mtu kakaa miaka sita anapelekewa salamu za maiti, watatucheka, na yeye ndiye aliyekuwa akichukua barua posta. Afadhali isemwe kwamba Suud alikufa mwezi uliopita, baharini, Ugiriki. Tutaweka matanga siku tatu. Masouda atakaa eda, watu waone.

"Sheikh kasema sina eda," nilisema.

"Sheikh hatazungumza," alisema Marhoon. "Ni kwa ajili ya watu."

"Na baada ya hapo," alisema Bi Shaikha, sasa sauti yake imekuwa laini, "Harub yupo. Hutoki nje ya nyumba, mwanangu. Hakuna kitakachovunjika."

Nilielewa basi kwamba sentensi hiyo ilikuwa imeshawekwa tayari muda mrefu, inangoja ndege itue. Nilimgeukia Harub.

"Na wewe unataka?"

Alijikuna shingo. "Shemegi, miaka yote hii nasoma... mie nnakujua kuliko mtu yeyote ulimwenguni."

"Unamjua mke wa Suud," nilimwambia. "Mimi hunijui. Na barua zangu ziko wapi?"

Zilikuwa ndani ya sanduku lake, zimefungwa kwa kamba ya viatu, zote, kwa mpango wa tarehe. Nilizichukua nikateremka nazo jikoni, nikazitia motoni moja moja mbele ya mke wa mjomba.

Matanga yakawekwa. Siku ya kwanza nilikaa pembeni ya chumba cha chini, nimevalishwa nguo za eda, sisemi. Sikuwa nimekubali, nilikuwa sina nguvu ya kukataa. Siku ya pili wanawake walijaa mpaka uani, wa mtaani na waliotoka Matrah. Kahawa inazunguka. Mke wa mjomba alikuwa akisimulia, na kila kundi jipya likiingia hadithi inazidi kurefuka. Suud kaanguka baharini. Mpaka adhuhuri alikuwa ameanguka katika tufani. Alasiri alikuwa kajitupa mwenyewe kumwokoa mtoto wa Kigiriki. Wanawake walilia kwa dhati. Bi Shaikha alikaa katikati amefunga macho, na kila akipewa mkono wa pole aliupokea. Naye alikuwa na haki ya pole zile. Hilo sikuweza kulikataa hata nikiwa na hasira.

Bibi mmoja mzee, mgeni kwangu, alinijia akanishika vidole vyenye hina. Akaitazama ile hina, akaniambia kwa Kiarabu, "Masikini, ulikuwa ukimngojea. Kumbe mwezi mzima kashakufa."

Nikasimama. Nilisema kwa Kiarabu, kile kile changu cha kuvunjikavunjika, ili asibaki mtu wa kutafsiriwa.

"Suud hakufa mwezi uliopita. Hakufa Ugiriki. Alikufa Unguja, shambani Bumbwini, tarehe kumi na mbili Januari, mwaka wa sitini na nne. Walimpiga risasi. Hakupanda meli. Hakuona bahari nyingine ila ya kwetu. Mama yake anajua, ndugu yake anajua. Aliyekuwa hajui ni mimi."

Nilikosea maneno mawili au matatu, nikajisikia mwenyewe nikikosea. Hakuna aliyecheka.

"Mtoeni," alisema Bi Shaikha bila kufumbua macho. "Huzuni imempanda kichwani."

Hapakuwa na haja ya kutolewa. Nilipanda juu nikachukua nguo zangu na vyeti vyangu vya ualimu. Barua zote za Suud, na ile picha pamoja nazo, niliziweka juu ya mkeka wa Bi Shaikha, kwa sababu ni zake. Nyingi ziliandikwa kwa amri yake. Harub alikuwa mlangoni na wanaume. Aliniona napita na mfuko, akanyanyuka nusu, kisha akakaa tena kwenye kiti chake.

Nilikwenda Matrah kwa Muhsina, Mpemba, muuguzi wa hospitali, tuliyekuja naye meli moja. Alikaa na mama yake katika chumba kimoja. Nilipomweleza, alisogeza kitanda chake ukutani akanipangia mahali. Mama yake aliniuliza kama nimekula, na hapo ndipo nilipomlilia Suud, kwa sauti kubwa, mpaka majirani wakaja. Muhsina aliwaambia, "Kafiwa na mumewe." Wakauliza lini. Akawajibu, "Zamani. Mwacheni alie."

Mwisho wa mwaka ule skuli za wasichana zikaanza kufunguliwa, na waliojua Kiingereza na hesabu walikuwa wakitafutwa kama dawa. Nilipata kazi Matrah, katika nyumba ya kupanga yenye madarasa mawili na watoto waliokaa chini kwa kukosa viti. Harub naye alipata kazi serikalini, kazi nzuri, kwa sababu alijua lugha tatu na alikuwa na mwandiko safi. Desemba alioa binti wa kabila lake, wa hapahapa Maskati, wa miaka kumi na saba. Mwaliko uliletwa skuli. Sikwenda. Posa zilinijia mbili, kupitia kwa mama yake Muhsina. Wa kwanza aliuliza umri wangu, na hakurudi. Wa pili nilimkataa mwenyewe, kwa sababu alikuwa hodari wa maneno.

Siku chache baada ya harusi ile, mke wa mjomba Marhoon alikuja skuli kwa miguu yake. Ilikuwa mapumziko, watoto wanapiga kelele uani. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, buibui lake limejaa vumbi, akasema maneno yake kwa kusitasita, kwa Kiswahili kidogo alichokiokota kwetu.

"Shaikha mgonjwa. Hawezi kusimama. Mke wa Harub mtoto, hajui kazi. Shaikha anasema umpe radhi. Kanituma nirudi na jawabu."

Nilimuuliza nani anamkanda miguu. Akasema hakuna.

"Mwambie nimesikia," nilisema.

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Alingoja kidogo, akidhani nitaongeza. Mtoto mmoja akapiga kengele, na nikaenda kuwapanga mstari waingie darasani.